Mama Masizi na ufa wa kaka yake

Saa tatu asubuhi, Mama Masizi amepiga magoti mbele ya meko ya mawe sebuleni kwa fundi cherehani mmoja mstaafu. Kitambaa kimemfunika nywele na mdomo, yanaonekana macho tu. Anapeleka kiganja juu ya jiwe taratibu, kama anayepima homa ya mtoto.

"Mzee, umewasha leo?"

"Tangu alfajiri," anajibu mwenye nyumba. "Binti yangu kajifungua juzijuzi, na baridi hii unaiona mwenyewe. Makaa nimeyatoa nilipokusikia unabisha hodi."

"Basi maji yatasubiri. Jiwe la moto likimwagiwa maji linapasuka, halafu utanidai jiwe."

Mzee anacheka na kwenda kuchemsha chai. Mama Masizi anaanza na kazi isiyohitaji maji. Anazoa majivu na kuyatia kwenye ndoo ya bati yenye kifuniko, kisha anapiga brashi laini kutoka juu kwenda chini, ili masizi yasiangukie alipokwisha kusafisha. Baadaye, mawe yakipoa, atatumia sponji, maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo kidogo. Siki na limau hataki hata kuviona.

"Vinang'arisha siku moja, lakini vinalila jiwe," anasema. "Mawe haya yametoka ardhini hivi yalivyo. Ukiyaharibu, huendi dukani kununua mengine yanayofanana nayo."

Jina la Mama Masizi alibandikwa na majirani. Anasema akirudi kutoka kazini hata wanawe humwamkia kwa mbali. Kazi alifundishwa na kaka yake mkubwa, mwashi wa mawe, baada ya kiwanda cha nguo alikokuwa akifanya kazi kufungwa. Kaka hujenga na kukarabati meko, naye dada husafisha. Msimu wa baridi huwa hana Jumapili.

"Nilikuwa sijui hata kushika brashi," anasema. "Yeye ndiye aliyenikalisha chini akanionyesha. Baba yetu alipofariki, kaka ndiye aliyekuwa baba."

Kabla ya kulowesha sponji, anakunja kipande cha gazeti, anakiwasha na kukishika chini ya dohani, lile bomba la moshi linalopanda ukutani hadi juu ya paa. Anataka kuona kama njia ni nyeupe.

Moshi haupandi. Unazunguka, unasita, halafu unainama pembeni na kuingia katikati ya mawe mawili, kama kuna mtu upande wa pili anayeuvuta.

Mama Masizi anakanyaga gazeti na kumulika kwa tochi. Juu, kiota cha ndege kimeziba karibu dohani yote. Pembeni, kiungo cha mawe kimeachana. Mkono wake unaweza kupita.

"Mzee," anaita, sauti yake imebadilika. "Juu ya hapa kuna nini?"

"Chumba cha binti yangu."

"Ameamka?"

"Bado. Jana alilalamika kichwa kinamuuma, nikasema nimwache apumzike na mwanawe."

Mama Masizi anatupa tochi. Anapanda ngazi mbili mbili, mzee nyuma yake, mwandishi wa makala haya nyuma ya mzee. Mlango umefungwa, na chini yake kumesukumiziwa blanketi kuzuia baridi. Anausukuma kwa bega.

Chumba kina joto na kimetulia. Hakuna moshi wa kuonekana. Mama wa mtoto amelala ubavu, mdomo wazi. Anaitwa, haitikii. Anatikiswa, anafungua macho nusu na kusema neno lisiloeleweka. Mtoto yuko kifuani pake, amelegea kama nguo iliyofuliwa.

"Fungueni madirisha," anasema Mama Masizi. Hapazi sauti. "Yote. Mzee, mshike miguu, mimi nashika mabega. Mwandishi, beba mtoto, teremka naye nje. Usisimame mahali."

Uani, kwenye baridi, mama anatapika, kisha anaanza kulia bila kujua anachokililia. Mtoto hatoi sauti. Mama Masizi anavua kitambaa chake cha kichwa, anamsugua mtoto mgongo kwa mikono myeusi ya masizi, anamsemesha: "Haya baba, haya mjomba wangu, tuambie kitu." Jirani mwenye gari anawakimbiza zahanati.

Huko, mama na mtoto wanawekewa hewa ya oksijeni. Daktari wa zamu anaeleza kwamba moto unapokosa njia huzaa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na anayeivuta husinzia tu. Mchana unapita. Mzee amekaa kwenye benchi, kofia mkononi, anaikunja na kuikunjua. Jua linapoanza kushuka, kilio chembamba kinasikika nyuma ya pazia. Mzee anauficha uso wake ndani ya kofia.

Watu wengi wangeishia hapo na kushukuru. Lakini kesho yake Mama Masizi alirudi kwenye meko yale, akatoa kiota, akakichunguza kile kiungo kilichoachana. Kilikuwa kimezibwa kwa saruji ya kawaida, isiyostahimili moto. Juu ya saruji kulikuwa na mfuo mwembamba, mstari wa kuremba kiungo, uliopigwa kwa mpini wa kijiko.

"Nikapitisha kidole juu yake," anasema. "Mtu mmoja tu ninayemjua hupiga mfuo kwa mpini wa kijiko."

Mzee alikuwa amesimama mlangoni. Ukarabati ule ulisimamiwa na marehemu mke wake, na mzee mwenyewe hakumjua fundi. Aliuliza nani alifanya kazi hii.

"Ningeweza kusema sijui. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Nikamwambia, ni kaka yangu, tumbo moja."

Mzee akasema, "Mlete."

Jioni hiyo Mama Masizi alifika kwa kaka yake akiwa na mwandishi, jambo ambalo leo anakiri halikusaidia. Wifi yake ndiye aliyefungua mlango.

"Wifi, na mwandishi wa habari?" alisema. "Si ungekuja na polisi kabisa, niongeze vikombe."

Mama Masizi alieleza alichokikuta kwenye meko. Kaka alisikiliza hadi mwisho bila kunyanyua macho.

"Mimi ndiye niliyekufundisha kazi," alisema hatimaye. "Na wewe ndiye unayekwenda kunitaja."

"Kaka, nimembeba yule mama. Mtoto alikuwa hapumui vizuri."

"Mwaka ule udongo unaostahimili moto ulikosekana kila duka. Watu walitaka meko yao kabla ya baridi. Nikasema saruji itashika."

Wifi aliweka birika chini. "Nyumba ngapi, baba watoto?"

Kaka alisogeza kikombe chake pembeni.

"Nakuuliza. Ulitumia saruji hiyo nyumba ngapi?"

"Sita," alisema kaka. "Pengine saba." Kisha akainuka na kwenda kutafuta viatu vyake vya kazi.

Walianzia kwa mzee mshonaji. Kaka alikuwa akichanganya udongo wakati mama wa mtoto alipoteremka, mwanawe mikononi.

"Ni wewe?" aliuliza.

"Ni mimi, mama."

"Basi jenga nikikuona."

Akavuta kiti, akaketi mbele yake. Alikaa hapo hadi jiwe la mwisho likashika, na kaka hakupiga mfuo wowote.

Tangu siku hiyo ndugu hao wawili wamekuwa wakibisha hodi nyumba kwa nyumba. Wengine huwakaribisha. Mmoja aliwaambia hakuita fundi, akafunga mlango. Mama Masizi alisimama barazani na kumweleza kupitia tundu la kitasa, mpaka komeo likafunguliwa. Katika nyumba mbili walikuta nyufa zimeshaanza. Kaka huzungumza na dada yake kuhusu kazi tu. Wifi anasema atapoa, kwa kuwa hata mawe hupoa.

Imebaki nyumba moja. Iko mwisho wa barabara ya changarawe, imefungwa, na mwenyewe amesafiri. Mlinzi hajui atarudi lini, wala hana namba yake ya simu. Mama Masizi amemwomba asiruhusu meko yawashwe, lakini haamini kama mlinzi anaweza kumzuia bosi wake kuota moto nyumbani kwake. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, hupitia getini hapo. Jioni hupita tena.

Anapanga, nyumba hii ikishakwisha, kila meko atakayoitiwa ayapime kwa moshi kabla ya kugusa sponji, hata mteja akiwa na haraka kiasi gani. Kaka amekubali kupanda paani kukagua dohani. Hilo ndilo jambo la kwanza alilokubali bila kununa.

Asubuhi ya leo ukungu umelala juu ya ukuta na pumzi ya mlinzi inatoka nyeupe. Mama Masizi anachungulia kupitia nondo za geti. Madirisha bado yamefungwa.

"Akishuka kwenye gari na begi lake, kwa baridi hii, kitu cha kwanza atakachokitaka ni moto," anasema. "Nataka anikute mimi kwanza."