Mama Chupa na Vijidudu Vilivyogoma Kuwaka

Jina lake halisi lilikuwa limebaki kwenye faili la ofisi tu. Chuoni, kuanzia mlinzi wa geti hadi msimamizi wa maabara, wote walimwita Mama Chupa, kwa sababu kwa miaka kumi na mmoja kazi yake ilikuwa moja: kuosha chupa za vioo za maabara. Aliosha kwa sabuni mara moja, akasuuza mara saba, kisha akainua kila chupa dirishani na kuichungulia kwa jicho moja, kama anatafuta mwizi aliyejificha ndani. Hata vikombe vya nyumbani vilisuuzwa mara saba. Mumewe, fundi cherehani, alikuwa akilalamika kwamba siku moja vitaisha.

Mwaka huo timu ya wanafunzi wa chuo chake iliungana na timu ya chuo kingine, upande wa pili wa mji, kwa ajili ya mashindano. Walikuwa wanavitia vijidudu visivyoonekana kwa macho tabia ambayo havikuzaliwa nayo: kuwaka kijani vikikutana na maji machafu. Mama Chupa alipomsimulia mumewe, fundi alisimamisha cherehani.

"Kwa hiyo wanakata kipande kwa huyu, wanamshonea yule? Hao ni mafundi wenzangu! Waulize kama na wao wanasumbuliwa na wateja kuhusu kiuno."

Sharti la mashindano lilikuwa kwamba kila timu ivikuze vijidudu vilevile kwenye maabara yake, na majibu yafanane. Na kwa kuwa chuo cha pili hakikuwa na muoshaji, chupa zao zililetwa kwa Mama Chupa kwenye kreti la bluu. Balaa likaanzia hapo. Vijidudu vya chuo cha Mama Chupa viliwaka vizuri. Vya chuo cha pili, giza tupu.

Jumatatu kiongozi wa timu ya pili, kijana mrefu aliyeitwa Mlingoti, akapiga simu. Kiongozi wa timu ya chuo cha Mama Chupa, binti mwenye miwani mikubwa aliyeitwa Profesa, aliiweka mezani kwa sauti kubwa.

"Dada, tumefuata karatasi yenu ya maelekezo neno kwa neno," alisema Mlingoti. "Havikui. Chupa zina sabuni."

"Muoshaji ni yuleyule, wetu na wenu," Profesa akajibu.

"Ndiyo maana! Zenu anazisuuza kama mtoto wake wa kumzaa. Zetu, za kambo."

Mama Chupa alikuwa kwenye sinki, hatua mbili tu kutoka hapo. "Mwambie huyo," alisema, mikono imejaa povu, "mimi sina chupa ya kambo!"

Msimamizi wa maabara akajikohoza. "Mama, hakuna anayekulaumu. Ila Ijumaa majibu yasipofanana, timu zote mbili zinatolewa. Na ikionekana ni sabuni..." Macho yake yalielekea kwenye kijitabu kilichokuwa mezani, chenye picha ya mashine ya kuoshea chupa. Mama Chupa alikuwa ameshaichunguza picha ile. Mashine ilikuwa na vitufe kumi na viwili, na haikuwa na jicho hata moja la kuchungulia.

Kesho yake hofu ilimkaa kifuani. Je, kama kweli mkono uliteleza? Je, kama kreti la bluu lilikuja siku ile alipokuwa na haraka ya kwenda kumwona dada yake? Alichukua chupa moja safi ya kreti lile, akaangalia kushoto na kulia, akailamba ukingoni. Hakuna sabuni. Akashusha pumzi. Kisha akakumbuka chupa ile ilikuwa imewahi kulaza nini.

Alifika nyumbani mchana huo amefunga mdomo kama bahasha. Mumewe akamfunika kichwa kwa kitambaa kizito cha suti, na yeye mwenyewe akaingia humo humo.

"Toa ulimi."

"Unawaka?"

"Subiri nizoee giza. Toa zaidi."

"Hodi?" alisema mteja mlangoni. "Au nirudi baadaye?"

Ulimi haukuwaka. Lakini moyo haukutulia, na Jumatano Mama Chupa akamwomba msimamizi ruhusa ya kulipeleka yeye mwenyewe kreti la bluu chuo cha pili. Alibeba sweta, mkate na mayai mawili ya kuchemsha, kwa maana alikusudia kuvilinda vijidudu hadi vitolewe. Saa mbili asubuhi Mlingoti alivitia kwenye kabati la joto. Mama Chupa akaketi kwenye benchi la nje, pua karibu iguse kioo cha mlango.

Alikuwa amemaliza mkate na anamalizia yai la kwanza, alipomwona Mlingoti anafungua kabati.

"Mwanangu, unafanya nini?" alisema, akiingia bila kubisha.

"Navitoa, mama. Karatasi inasema vitolewe saa kumi."

"Saa kumi ya wapi? Hii ni saa nne!"

Mlingoti akanyoosha kidole kirefu kwenye saa ya kabati. Namba nyekundu zilisema 10:00.

Mama Chupa akazitazama, kisha akamtazama yeye. "Baba, mama yako akikuita chakula cha saa mbili usiku, huwa unakwenda lini?"

Kijana akaisoma karatasi upya. Karatasi kweli ilikuwa imeandikwa na Profesa, "Toa saa 10", bila asubuhi wala alasiri. Yeye alimaanisha saa kumi ya watu wote, wanafunzi wakikaribia kwenda nyumbani. Mlingoti, mtu wa saa za mashine, alikuwa akivitoa vijidudu baada ya saa mbili tu, havijanyoosha hata miguu.

"Rudisha," alisema Mama Chupa. "Na mimi nakaa." Akala yai la pili kwa raha.

Ijumaa chupa za vyuo vyote viwili ziliwaka kijani kimoja. Profesa aliongeza neno "alasiri" kwenye karatasi, akalipigia mstari mara tatu. Kijitabu cha mashine kilionekana chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba.

Mlingoti alikuja mwenyewe na kreti la bluu, ameinama mlangoni. "Shikamoo, mama. Lile neno la kambo... nisamehe."

"Marahaba. Weka hapo."

Mama Chupa alizisuuza chupa za kijana mara nane, kwa furaha. Kisha akasimama, akafikiri, akarudi kwenye za Profesa na kuziongezea mara moja, mtu asije akasema hizo ndizo za kambo.