Ng'ombe Niliyemnunua kwa Wivu

Nesi wa kliniki moja mjini Nyeri alinipa mwezi mmoja. "Presha yako iko juu, mama. Punguza mawazo. Isiposhuka tunaanza tembe, na hizo ni za maisha." Nilirudi nyumbani Ruring'u na mawazo mengi kuliko niliyokwenda nayo.

Ng'ambo ya ua wetu anaishi jirani yangu, mjane wa makamo. Kila alfajiri nilimsikia akimkamua ng'ombe wake huku akiimba wimbo wa kanisani, polepole, kana kwamba siku nzima ni yake. Saa hiyo mimi nilikuwa natafuta soksi za watoto, nimeshamkaripia mume wangu mara mbili, na ofisini wananingoja. Nilimwonea wivu hadi chai ikanikataa. Baridi ya mlima inatupiga sote, mbona yeye aimbe?

Nikaamua kwamba siri ni ng'ombe. Nikanunua wangu kwa mkulima wa Kiganjo, mkubwa kuliko wa jirani. Hilo la ukubwa nililihakikisha mwenyewe.

Huku kwetu kila mtu anajua kuwa ng'ombe huficha maziwa akishikwa na mkono wenye hasira. Mimi niliyelelewa shambani nilijua hivyo tangu utotoni, lakini wivu ulinisahaulisha. Nikaosha kiwele kwa maji ya vuguvugu, nikapaka mafuta, nikaimba wimbo uleule kwa sauti kubwa ili jirani asikie. Ng'ombe akanipa kikombe kimoja, kisha akaipiga ndoo teke. Ikawa hivyo wiki nzima.

Mwishowe nikameza kiburi, nikamwita jirani. Aliketi kwenye kigoda changu, akaimba, na ndoo yangu ikajaa hadi povu likamwagika. Badala ya kushukuru, nilitamani kumfukuza.

"Hii ng'ombe yako haina shida," akasema akiinuka. "Ni wewe uko na haraka."

Mwezi ulipoisha nikarudi kliniki. Kwenye benchi la wagonjwa wa presha nikamkuta jirani ameketi, mkononi ana kijitabu cha kliniki kilichochakaa, kimebandikwa selotepu pembe zote. Changu kilikuwa bado kipya. Hata kwa presha, mama huyu alikuwa amenitangulia.

"Kumbe na wewe?" nikamuuliza.

"Tangu bwana yangu aende." Akasogea nipate nafasi. "Silalangi. Asubuhi nikienda kwa ng'ombe, mikono inatetemeka mpaka ng'ombe inakataa kukamuliwa. Nesi akaniambia niimbe polepole, nisiache mpaka mikono itulie. Kuna siku naimba huo wimbo mara nane."

Nikaketi kando yake. Asubuhi zote hizo, nikiwa nyuma ya ua na soksi mkononi, nilikuwa nikimwonea mgonjwa wivu wa dawa yake.