Bangili ya Maganda ya Risasi

Baba yangu ni fundi wa shaba, na ubishi wake ungetosha kugawiwa kijiji chetu kizima cha Kwamsisi ukabaki. Maisha yake yote amewafulia wafugaji kengele za ng'ombe na bangili za wake zao. Shaba aliipata kwenye koki mbovu za bomba, vitasa vya zamani, na maganda ya risasi aliyoletewa na askari mstaafu wa wanyamapori, ambaye alikuwa na kibali cha kupiga nguruwe waliokuwa wakimaliza mahindi ya watu.

Maganda hayo ndiyo yaliyozaa bangili ya mama. Baba aliyayeyusha, akayamwaga kwenye mfereji mdogo wa mchanga, akapata kijiti cha shaba ya njano, kisha akashika nyundo. Shaba ukiigonga hukakamaa, na ukizidi kuigonga hupasuka, kwa hiyo kila mara aliirudisha kwenye makaa ilainike. Aliifanyia kazi hiyo kibandani, mlango ukiwa umeegeshwa, kwa sababu juani huwezi kuuona ule wekundu hafifu unaokwambia itoe. Siku ya harusi alichelewa, akamvisha mama bangili ikiwa bado na uvuguvugu, akaikunja kwa vidole vyake. Mama alituhadithia habari hiyo mpaka tukaichoka. Hakuwahi kuivua.

Mwaka jana figo za mama zilianza kushindwa kazi. Alivimba uso, kisha miguu, kisha mikono. Tulipomfikisha hospitali Korogwe, bangili ilikuwa imezama kwenye nyama. Muuguzi alimwamkia baba kwa heshima, akaeleza kwamba damu haipiti na bangili lazima ikatwe siku hiyohiyo. Baba alikataa. Akajaribu kuipanua kwa vidole, nami nikaleta sabuni, kisha mafuta ya kula. Haikutikisika. Miaka yote ya kutwanga, kulima na kugongwagongwa na ndoo ilikuwa imeikomaza. Mimi si mtu wa subira. Nilimwambia anabembeleza shaba huku vidole vya mama vinageuka rangi. Hakunitazama.

"Ningeipasha moto, ingelainika," alisema. "Lakini mkono wake umo ndani."

Kwetu maiti huvuliwa kila pambo kabla ya kuoshwa, na mama aliijua hali yake kuliko sisi tuliokuwa tukimdanganya kwamba atapona. Alimshika baba shati.

"Baba watoto, ulinivisha wewe," alisema. "Nivue wewe. Nisije nikavuliwa na waosha maiti."

Baba alitoka. Alirudi na msumeno mdogo wa kukatia chuma kutoka duka la vifaa vya ujenzi, yeye ambaye vifaa vya dukani huviita takataka. Alikata ulimi wa kiatu chake, akaupenyeza ule mkanda wa ngozi chini ya bangili ili meno yasiiguse nyama, na muuguzi akasimama karibu amwangalie. Akaanza kukata, polepole, akidondoshea maji kwa sababu msumeno unaipa shaba joto. Katikati ya kazi mama alifumba macho, akatabasamu.

"Ina uvuguvugu," alisema.

Baba aliacha kukata, akajifuta macho kwa mkono wa shati, akaendelea. Bangili ilitoka vipande viwili. Akavitia mfukoni, na mimi nikaukanda mkono wa mama mpaka akalala.

Mama hakurudi nyumbani akiwa hai. Nilikuwa miongoni mwa wanawake waliomwosha, na kwenye kifundo cha mkono wake tulikuta alama ya bangili tu. Niliililia alama ile kuliko nilivyolilia kaburi.

Matanga yalipoanuliwa, baba aliwasha makaa kibandani. Nilimfuata, na sitaficha, nilidhani ananifulia kitu, nikakitamani. Aliviweka vile vipande viwili kwenye moto, akavikodolea macho mpaka wekundu ulipochomoza, akavitoa, akavitosa kwenye maji. Kisha akashika kimoja kwa vidole viwili, akakikunja, akakikunjua. Kilimtii kama ukindu uliolowekwa. Nikamuuliza anafua nini.

"Sifui kitu." Akanipa kipande mkononi. "Ona kilivyolainika, mwanangu. Sasa ingetoka bila kumuumiza."