Gari Lililokataa Kupiga Magoti

Mnahi bin Dhaifallah alikuwa mlinzi wa pampu za maji katika kijiji kilichoegemea mchanga wa Nafudi, jangwa la kaskazini mwa Uarabuni. Watu wa nje hawakumjua kwa jingine, ila wa nyumbani walimjua kwa gari lake: Landkruza pikapu ya zamani, ambayo baba yake aliinunua mwaka alipouza ngamia wake wa mwisho. Huko gari la namna hiyo huitwa Shasi, na hutajwa kama mtu wa ukoo.

Mzee Dhaifallah alikuwa ameacha kuendesha, lakini kupanda alipanda mwenyewe. Mkono kwenye nguzo ya mlango, mguu kwenye kizingiti, na huyo ndani. Hakukubali kushikwa kiwiko. Ujanani alimpanda ngamia aliyesimama wima, kwa kukanyaga shingo yake, na mtu aliyeonja hayo hasaidiwi kupanda gari.

Mwaka ule mvua za vuli zilinyesha vizuri, na kila mtu akajua kwamba fagaa, uyoga unaokua chini ya mchanga, utakuwa mwingi. Mzee alisema jambo moja tu.

"Mwanangu, nipeleke Umm Arta. Nataka nichimbe kwa mkono wangu."

Umm Arta ni bonde lililo ndani ya mchanga mkubwa, na ndiko alikozaliwa.

Springi za Shasi zilikuwa zimelala kwa uzee. Barazani, kahawa ikizunguka, binamu yake Jazaa akamwambia Mnahi, "Gari lako linatambaa kama kenge aliyeshiba mayai. Ukija mchangani, njoo na jembe." Watu wakacheka. Mnahi naye akacheka, lakini maneno yale yalimfuata mpaka nyumbani, yakalala naye kitanda kimoja.

Akamweleza mkewe, Wadha, kwamba lazima gari liinuliwe, wasije wakakwama na mzee. Ulikuwa ukweli, lakini ukweli nusu.

"Na mzee atapandaje, Baba Sattam?" Wadha akauliza, akimwita kwa jina la mtoto wao.

"Alipanda ngamia, atashindwa na gari?"

Nyuma ya kila springi kuna vibamba viwili vya chuma vinavyoushika mkia wake na kuuning'iniza kwenye fremu. Vikiwa virefu, gari husimama juu. Mnahi alichongesha virefu mjini. Akaiinua fremu kwa jeki, akaitegemeza kwa magogo, akazilowesha dizeli bolti zilizoshikwa na kutu, akazigonga mpaka zikakubali kutoka. Akatia mipira mipya, akapaka grisi. Nati hakuzikaza mpaka gari liliposhuka na kukalia uzito wake, kwa sababu springi ikikazwa ingali inaning'inia, mipira hukatika mapema. Vibamba vya zamani akavitia guniani, nyuma ya kiti. Aliporudi nyuma kutazama, Shasi lilisimama kama ngamia dume aliyenusa majike, na moyo wake ukainuka nalo.

Asubuhi ya safari mzee alitoka na kanzu safi na kichuma chake cha kuchimbia. Magari ya akina Jazaa yalikuwa yakinguruma yakingoja. Kizingiti kilichokuwa kikimfika gotini sasa kilimfika pajani. Akainua mguu, haukufika. Akashusha, akapumua, akainua tena. Mnahi akaja kumshika kiuno, na fimbo ya mzee ikakatiza mbele ya kifua cha mwanawe.

Kisha mzee akaligonga tairi kwa fimbo ile ile, akasema kwa sauti ya kumwambia ngamia apige magoti:

"Ikh. Ikh."

Wote wakacheka, na yeye akacheka pamoja nao. Gari likabaki wima.

"Ngamia wangu walikuwa na adabu," akasema. "Nendeni. Mimi nina miadi na kahawa yangu."

Wakaenda. Siku hiyo Shasi lilipanda vilima vilivyowashinda wengine, na Jazaa akafuata alama za tairi zake. Jioni Wadha alipika fagaa kwa samli. Mzee alikula, akasifu mapishi, wala hakuuliza habari za Umm Arta. Afadhali angeuliza.

Kurudisha vibamba vya zamani ilikuwa kazi ya alasiri moja. Mnahi alijua. Alisema atafanya Jumamosi. Jumamosi Jazaa akawaalika kwenye kilima kipya, na ni nani asiyependa kusifiwa? Jumamosi ikazaa nyingine. Joto likaja, mchanga ukafunga fagaa yake. Kabla ya kiangazi kuisha mzee aliteleza uani, akavunjika nyonga, akarudi kutoka hospitali akiwa wa kitandani.

Msimu wa mvua uliofuata ndipo Mnahi alipolitoa gunia la vibamba vya zamani nyuma ya kiti. Alifanya kazi chini ya dirisha la baba yake, likiwa wazi. Alipofungua jeki, gari lilishuka polepole, nyuma kwanza.

"Limepiga magoti," mzee akasema kutoka ndani.

"Ndiyo, baba. Twende Umm Arta. Nitakubeba."

"Kinachobebwa ni mzigo, mwanangu."

Mnahi akaanza kukusanya zana, akidhani mzee amesinzia.

"Siku ile ungeniambia ningoje," sauti ikaja tena, bila ukali, "ningengoja. Ningekaa pale kivulini na fimbo yangu mpaka umalize."

Mnahi alirudi chini ya gari na spana yake. Nati zilikuwa bado hazijakazwa, na gari lilikuwa limekwisha kukalia uzito wake.