Salamu za Bibi Kwenye Kompyuta

Miaka ile intaneti ndiyo kwanza inaingia Dodoma, na mimi, niliyeishia darasa la saba na kazi ya kupiga msasa viti kwenye karakana ya Kizota, nilikuwa nimepata wazimu wangu: nitafundisha lugha yetu, Kigogo, kwa kompyuta. Nilishaona kichwani wanafunzi wangu wametapakaa dunia nzima. Kwa kuanzia nilikuwa na mmoja, binti wa kaka yangu, aliyezaliwa na kukulia Mwanza.

Likizo iliyopita huyo mtoto aliletwa kijijini Kibakwe kwa mama yangu, bibi yake. Mama anajua Kigogo tu, na Kiswahili kidogo cha kununulia chumvi. Mtoto Kigogo hana hata neno. Wiki nzima walitazamana na kutabasamu kama wageni kwenye foleni ya zahanati. Alipoondoka, mama aliniuliza kama mjukuu wake hampendi. Swali lile liliniuma. Desemba mtoto angekuja tena, na mimi nilikula kiapo kwamba safari hii watazungumza.

Basi nikawa namwandikia masomo kwa barua pepe. Majina ya wanyama, vyombo, viungo vya mwili. Akayashika yote, lakini kwa maandishi tu, na bibi yake hajui kusoma. Ndipo kijana mwenye duka la intaneti nililokuwa nikiandikia akaleta hedifoni zenye maiki, akasema siku hizi mnaweza kusikizana. Nusura nimkumbatie! Nikamfuata mama Kibakwe nikamleta mjini, nikapanga na kaka naye ampeleke binti yake dukani huko Mwanza.

Mama alivaa kitenge chake cha kanisani. Hedifoni ilikuwa moja, kwa hiyo yeye akapata sikio moja na mimi jingine, vichwa vimegandana. Mpango wangu ulikuwa wazi: mama ataje wanyama, mtoto arudie. Mtoto akatoa "mbukwenyi" yake, salamu ya Kigogo, vizuri kabisa. Mama akaitikia, kisha akaanza kusalimu kwa Kigogo chetu. Umeamkaje. Baba yako je. Mama yako. Watoto. Mvua. Kila swali akalisubiria jibu. Sauti zilikuwa zinachelewa njiani, naye alidhani mtoto anatafakari.

Nikamnong'oneza kwamba muda unakwisha, aende kwenye wanyama. Akanitazama kama nimemwambia aingie nyumba ya watu bila hodi. Atamfundishaje mtu ambaye hajamsalimu?

Basi nikawa natafsiri, mama anampa mtoto jibu, mtoto analirudia. Mpaka wakafika kwenye ng'ombe.

"Shangazi," mtoto akaniambia, "mbona bibi anauliza ng'ombe? Sisi huku hatuna hata kuku."

Nikamweleza mama. Hakucheka.

"Mwambie ajibu hawajambo," akasema kwa Kigogo. "Wale walioko Kibakwe ni wa kwao. Kwani yeye wa wapi?"

Nikatafsiri. Nikadhani laini imekatika. Kisha sauti ndogo ikaja, kwa Kigogo, polepole: ng'ombe hawajambo, bibi. Halafu, bila mtu kumfundisha, akayapanga mwenyewe maneno aliyoyasikia kwa bibi yake: na huko kwako, mvua? Na ng'ombe?

Mama akanishika mkono kwa nguvu. "Kaniuliza," akasema. "Umesikia? Kaniuliza."

Muda wetu ulikuwa umekwisha. Mwanafunzi mmoja wa chuo alisimama nyuma yetu akisubiri kiti, na kwa adabu akasema, "Shikamoo bibi, ni zamu yangu."

Mama akageuka na hedifoni yake kichwani, akakusanya Kiswahili chote alichokuwa nacho.

"Marahaba. Mjukuu kauliza ng'ombe. Mimi bado jibu."

Yule mwanafunzi akatazama saa yake, akacheka, akavuta stuli akaketi. Na mama akaanza kumweleza mjukuu wake habari za ng'ombe, mmoja baada ya mwingine, kwa majina yao.