Barabara Iliyoifuta Wilaya

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri, na simu ziwekeni chini. Mie chuoni nilisoma juzuu chache, nikatolewa nilee wadogo zangu. Naandika kama ninavyosema.

Baba yenu alirudi kutoka masomoni Norwe na mke. Kiswahili huyo mkaza mwanangu, mama yenu, alijifunza jikoni kwangu, hapa Ghubra kwa Waarabu tulikokimbilia, mpaka akawa anagombana nacho na muuza samaki, na muuza samaki mwenyewe Mbaluchi, hajui hata neno. Kila joto likianza huomba awapeleke watoto kwao. Mie hukataa: watakula nini huko? Hurudi kwenye sufuria zake.

Nyumba yetu ina ada yake. Ijumaa, sinia zikishaondolewa, kila mtoto husimama mbele yangu akataja kwao: mababu, mtaa wetu wa Unguja, msikiti upande gani, kisima upande gani. Akikosea anarudia. Tulitoka kule na nguo za mwilini tu. Nikasema angalau hawa wajue.

Tulikuwa tumeshaingia miaka ya elfu mbili, mama yake mkaza mwanangu akaja kututembelea. Mjane, mrefu, mikono migumu ya kukamua ng'ombe. Ijumaa ile mjukuu wangu mkubwa akataja yote bila kukwama, nami nimejaa kiburi. Yule bibi akamuuliza mwanawe kitu kwa lugha yao. Mkaza mwanangu akainamisha uso.

"Sema tu," nikamwambia.

"Anauliza, Mama, mtoto ameshamaliza, au upande wa mama bado?"

Mtoto akanigeukia. "Bibi, kwa bibi huyu ni wapi?"

"Norwe."

"Norwe wapi?"

Sikujua. Miaka yote mkaza mwanangu anapika kwangu, sijamuuliza.

Yule bibi akacheka, akasema hata ramani siku hizi haipajui. Akasimulia, bintiye anatufasiria. Kwao ni ng'ambo ya ghuba nyembamba, milima imewabana. Zamani walikuwa chini ya watu wa upande wa pili; kodi, harusi, maiti, yote wapige makasia. Wakalalamika mpaka wakapewa wilaya yao wenyewe. Baraza lao lilikuwa la wakulima, wakikutana darasani, wazee wazima kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu.

"Kama baba akinisaidia masomo kwenye dawati langu," mjukuu akasema. Tukacheka.

Baba yake yule bibi alikuwamo barazani. Kila kikao waliomba kitu kimoja: barabara. Wakapewa. Lori la maziwa likafika mpaka mlangoni, watu wakafurahi. Kisha vijana wakaondoka kwa barabara ile ile. Wakubwa wa serikali nao wakasema, barabara si mnayo sasa, wilaya ndogo ya nini? Wakarudishwa kwa wale wale wa ng'ambo. Shule ikafungwa. Baba yake mpaka anakufa alikuwa akisema, mie nilinyoosha mkono kuiomba barabara, mie.

"Na huyu," akasema, akimgusa bintiye begani, "alipita hapo hapo. Sanduku nilimbebea mwenyewe mpaka kwenye basi."

Kisha akanitazama mie, si bintiye. Nyumba anaiuza mwakani, hana tena nguvu za ng'ombe. Angependa watoto waione mara moja, ikiwa nitaridhia.

Ikiwa nitaridhia! Mtu ananiomba ruhusa ya kuwaona wajukuu zake mwenyewe. Wala hakusema kwa ubaya, alikuwa akitoa kokwa za tende na kuziweka pembeni ya kisahani. Laiti angenigombeza. Barabara yao ile imeishia jikoni kwangu. Binti nnaye, wajukuu nnao, na vinywa vyao nimevijaza mtaa wangu peke yake. Mie ninayelia nimenyang'anywa kwetu, kumbe kwao mtu mwengine nimepakalia. Nilimimina kahawa bila kuangalia kikombe, ikamwagika kwenye mkeka.

Mwanangu akaleta kitambaa. Nikamwambia akiwache, akae, wote wakae.

"Skuli zikifungwa, watoto wanakwenda kwa bibi yao, na mama yao anakwenda nao. Tikiti ukate kesho. Na kuanzia Ijumaa ijayo anayesimama hapa aanze na ghuba ile na madawati yale, Unguja itafuata."