Kabla ya Kukaza Bunduki ya Mwenye Ploti

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya Januari, katika vurugu zile za baada ya uchaguzi wa 2007, ambayo nikiikumbuka damu hunichemka hata leo. Nakueleza kwa sababu juzi nimekusikia ukisema kwamba kazi ni kazi, bora mteja alipe.

Nilikuwa fundi wa mbao pale Laini Saba, Kibera, kando ya reli. Wazazi wetu walikuwa wamefariki, nami nikaacha shule mapema niwalee wadogo zangu, Kioko na Mwende. Tuliishi Kawangware, chumba kimoja katika ploti ya mzee tuliyemwita Baba Wanja. Marehemu baba alikuwa mchongaji kutoka upande wa Machakos, na urithi alionipa ni patasi zake pamoja na desturi moja: fundi hamwulizi mteja kitu chake ni cha kufanyia nini. Ukiletewa jembe, tia mpini. Ukiagizwa jeneza, pima ubao. Tuliona ni adabu.

Kabla ya uchaguzi, Baba Wanja aliniletea mti, yaani ile sehemu ya mbao, wa bunduki aliyorithi kwa baba yake, bunduki yenye kibali. Chuma chenyewe alibaki nacho. Alisema kinacheza ndani ya mti, na akataka nimwambie kama inafaa kuchonga kidogo pale kinapolala na kumimina gundi ngumu, ili kikae kama jino kwenye ufizi na risasi iende inakoelekezwa. Niliushika mti ule nikausikia bado una unyevu wa stoo. Nikamwambia tusubiri ukauke, ndipo tuamue. Nikauweka juu ya kabati nyumbani, maana karakana ilikuwa ikivuja.

Kisha nchi ikawaka. Asubuhi hiyo Baba Wanja akabisha mlango.

"Fundi, ule mti umekauka?"

"Umekauka, mzee."

"Basi kaza leo. Leo leo."

Sijui nini kilinisukuma. Nikamwuliza, "Mzee, ni ya kufanyia nini?"

Akacheka. "Tangu lini fundi anauliza? Unataka niseme naenda kuwinda swara hapa Kawangware?" Halafu akaelekeza kidevu kwenye mlango wa Mama Akinyi, jirani yetu ukuta kwa ukuta. "Huyo nimemwambia atoke, ananiambia ati ako na haki zake. Watu wao wanafukuza watu wetu huko Kibera, na yeye amekaa kwangu anakaanga samaki. Jioni sitaongea tena."

Mwanangu, Mama Akinyi ndiye aliyemwogesha mama yangu alipokuwa hawezi hata kujigeuza kitandani. Mwende alikunywa uji kwake kabla hajajua kusema asante.

"Na usinikunjie uso," akaongeza. "Siku hizi zote mmelala salama. Unadhani ni nani anawaambia wale vijana wa getini wawapite?"

Hilo lilikuwa kweli, nalo lilinichoma. Nikarudi ndani. Kioko alikuwa amesikia yote.

"Brathe, si umwekee tu gundi kiasi, asepe. Atajua aje?"

Nikakaa nikaufikiria ujanja huo, kwa sababu ulikuwa mtamu. Ningeukaza vibaya, mzee angeshukuru, nasi tungebaki na chumba. Lakini bunduki iliyolegea haikatai kuua. Inakosa uliyemlenga na kumpata mtoto aliyesimama pembeni. Nikiikaza nimemsaidia kumlenga Mama Akinyi. Nikiilegeza nimemwachia bahati achague maiti. Hakukuwa na gundi ya katikati.

Nikatoka. "Mzee, siukazi. Na mti wako nitakupa, lakini Mama Akinyi na watoto wake watoke hapa kwanza, wazima."

"Unanipangia kwa ploti yangu?"

"Sikupangii. Nimekwambia."

"Basi na wewe toka! Chukua hao wadogo zako muende mkalelewe na huyo mama yenu mpya!"

Tukatoka mchana huo huo. Mama Akinyi alibeba sufuria kichwani na mtoto mgongoni, Mwende akalia njia nzima akikumbatia vitabu vyake. Baba Wanja alitufuata hadi barabarani akitutukana. Mama Akinyi alipopotea machoni na wanawe, akielekea kwa dada yake kule Ayany, nikampa mzee mti wake. Kama alipata fundi mwingine, sijui. Mwende alipoteza shule yake, akarudia darasa. Tulilala karakanani, chini ya yale mabati yanayovuja.

Nako Kibera nikakuta nini? Uovu ule ule, umegeuza uso tu. Vijana walikuwa wakiwafukuza watu wa kabila la Baba Wanja kwa maneno yale yale aliyomwambia Mama Akinyi. Walikuja kwangu wakitaka mipini ya panga, nikakataa, wakaniita mwoga na msaliti. Fundi wa kibanda jirani alipokea kazi yao yote. Nilipomkemea akanijibu, "Mimi nimetia mpini tu. Kwani nimemkata nani?"

Mimi nimetia mpini tu! Neno hilo ndilo linaloniudhi kuliko matusi yote niliyotukanwa. Mwenye ploti atakwambia alitishia tu. Kijana atakwambia aliandamana tu. Mwanasiasa atakwambia alihutubia tu. Kila mtu amefanya kipande chake kidogo kisafi, na watu wamezikwa! Hao waliozikwa walikufa kwa nini basi, kwa upepo?

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu, wewe unayeshika patasi leo, au kompyuta, au usukani. Adabu ya kutouliza ni nzuri siku za amani. Siku watu wanapoanza kuhesabiana makabila, uliza. Mwulize mteja kazi hii ni ya kufanyia nini, na jibu likikutisha, kataa mbele yake, bila kujificha nyuma ya kazi mbovu. Utapoteza chumba, pengine utapoteza marafiki. Poteza.

Mungu akupe mikono yenye ujuzi na mdomo usioogopa kuuliza. Akupe jirani wa kukuogeshea mama yako, na akujalie, siku jirani huyo atakapowindwa, uwe umesimama mlangoni pake.